Kifaa kikizima Jumamosi: kuchagua zana za biashara ya picha ukiwa mwisho wa reli

Mwezi uliopita vijana wawili wa Gungu walinifuata studio, hapa Mwanga, Kigoma. Mmoja alikuwa na akiba ya misimu miwili ya kuuza dagaa, mwenzake alikuwa ameuza pikipiki. Wanataka kufungua biashara ya picha kwa ubia. "Kaka, tununue kamera gani?" Nikawarudishia swali: "Ikizima Jumamosi saa tisa alasiri, bibi harusi ameshashuka kwenye gari, mtafanya nini?"

Walinyamaza. Nikawavutia viti, tukaongea mpaka jioni, na niliyowaeleza ndiyo haya ninayoyaandika, maana si wao wa kwanza kuniuliza.

Dar es Salaam mtu akiishiwa betri anamtuma bodaboda Kariakoo, na kabla MC hajamaliza kutambulisha wazazi betri imeshafika. Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka kule. Kamera yangu ikihitaji fundi wa shata (pazia linalofunguka ukipiga picha) inapanda basi, na hadi irudi harusi tatu zimeshapita. Kwa hiyo kila kifaa nakipima kwa Jumamosi ile: kikifa mkononi, kitaniacha wapi? Ukali wa picha naufikiria baadaye, kwa sababu kamera zote nitakazozitaja zinatoa picha ya kutundikwa sebuleni bila wasiwasi.

Bodi moja mpya au mbili zilizotumika

Wengi wanaoanza hapa wananunua bodi (kamera bila lenzi) iliyotumika, na mimi nawaunga mkono. Hizi nne ndizo ninazoulizwa mara kwa mara. Zote ni fulufremu, yaani sensa inayonasa picha ni kubwa kama filamu ya zamani, za megapikseli 20 hadi 26.

| Kamera | Ilitoka | Nafasi za kadi | Picha kwa betri moja (kipimo cha CIPA) |
|---|---|---|---|
| Canon EOS 6D | 2012 | 1 | 1,090 |
| Nikon D750 | 2014 | 2 | 1,230 |
| Sony A7 III | 2018 | 2 | 610 ukichungulia, 710 kwa skrini |
| Canon EOS RP | 2019 | 1 | 250 |

Kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera wa Japani, ni cha uangalifu, kazini utapata zaidi ya hapo. Lakini uwiano wake ni wa kweli. EOS RP ni nyepesi, rangi zake za ngozi nazipenda sana, ila inameza betri. Harusi ya kuanzia asubuhi nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini saa sita usiku itakudai betri nne au tano, na kila moja unainunua.

Safu ninayoitazama kwanza ni ile ya nafasi za kadi. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilipiga nikaha Ujiji kwa kamera ya kadi moja. Msikitini mambo yalikwenda vizuri. Tulipofika ukumbini nikabadilisha kadi, na usiku, nilipoichomeka ile ya kwanza kwenye kompyuta, haikusoma. Nilijaribu programu za kurejesha picha, nikaipeleka kwa mafundi wawili, haikutoka hata moja. Nilirudisha fedha yote. Mama wa bibi harusi hakunigombeza, aliniuliza tu kama ile ya babu akiwa ameshika mkono wa mjukuu ipo. Haikuwepo. Babu yule alifariki mwaka uliofuata.

Kamera yenye nafasi mbili, ukiiseti hivyo, inaandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, kadi moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu. Tangu siku ile 6D yangu inapiga pasipoti na picha za studio tu. Harusini haiendi.

Tukibaki na D750 na A7 III, Sony ina mambo ya maana kabisa. Inafuata jicho la mtu lenyewe, inapiga kimya bila shata kulia wakati padri anasoma, na inachukua video ya 4K. Kama nusu ya kazi zako ni video, inunue hiyo na usibabaike. Ubaya wake kwetu ni wa namna mbili. Bei yake iko juu, na lenzi zake ziko juu zaidi. Kisha kuna vumbi: kamera isiyo na kioo ndani, kama hii, ukiivua lenzi, sensa iko pale nje. Mwezi wa saba, barabara nyekundu za vijijini huko Buhigwe na Kasulu, sijui mahali pa kubadilishia lenzi pasipo na vumbi. DSLR, yaani kamera yenye kioo kama D750, nayo inaingiza vumbi, ila kioo na shata vinakinga kiasi.

Vijana wa Gungu niliwashauri D750 iliyotumika pamoja na D7200, ambayo ni ya 2015. D7200 sensa yake ni ndogo, lakini nayo ina nafasi mbili za kadi, inatumia betri ileile ya EN-EL15, na lenzi za D750 zinaingia bila adapta. Kwa kazi ya watu wawili hiyo ni faida kubwa. Moja ikizima, anayebaki na kamera anaendelea, na betri zote za yule mwingine anazo.

Ukienda kununua iliyotumika, uliza hesabu ya shata na uihakikishe mwenyewe. Ya D750 imetengenezwa kuhimili mipigo 150,000, ya 6D 100,000. Nikon waliwahi kuziita D750 za mwanzo zirekebishwe shata bure, kwa hiyo mwulize muuzaji kama hiyo ilipitiwa. Piga ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo) uone madoa ya vumbi kwenye sensa. Lenzi nayo imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, iache hapohapo hata kama bei inashawishi.

Lenzi sitaziongelea sana. Anza na 50mm f/1.8. Ni ya bei nafuu, inaona gizani, na juu ya D7200 inakuwa kama 75mm, nzuri kwa uso wa mtu. Ya pili iwe ya kuvuta, 24-70mm au inayokaribia hapo. Ile ndefu nyeupe ambayo kila kijana anaitamani, 70-200mm, utaihitaji kanisani tu, na unaweza kuikodi.

Taa: flashi ndogo, flashi kubwa, au LED

Hapa Kigoma inadai mambo yake. Saa zetu ni zilezile za Dar, lakini tuko karibu nyuzi 10 magharibi zaidi, na kila nyuzi moja ya dunia ni dakika 4 za jua. Ndiyo maana kwetu jua linazama zaidi ya nusu saa baada ya Dar, kwenye saa moja, na Februari linaivuka. Niliwahi kufanya kazi na mpiga picha aliyetoka Dar, hodari kuliko mimi, akapanga na kamati picha za ufukweni Bangwe ziwe saa kumi na moja kamili. Tulipofika jua lilikuwa bado kali, maji ya ziwa yanalirudisha usoni, bibi harusi hafumbui macho. Ratiba ya Kigoma ni saa kumi na mbili hadi saa moja kasoro, jua likishuka kuelekea milima ya Kongo ng'ambo.

Kamati nyingi hazikubali saa hiyo, maana ukumbi unasubiri. Basi utapiga kwenye jua, na jua liko nyuma ya maharusi. Vifaa vitatu vinashindana hapo.

Flashi ndogo ya betri za AA, mfano Godox TT600. Inatumia betri nne, ni ya kuseti kwa mkono, na ni nafuu kiasi kwamba fedha ya flashi moja yenye chapa ya kamera inanunua kadhaa. Ukiiweka juu ya kamera haifanyi kazi na shata ya haraka kupita kikomo cha kamera (1/200 ya sekunde kwa D750), ila ukiiweka kwenye stendi na kuiwasha kwa kitriga cha Godox (kifaa kinachoiamuru bila waya), inaweza. Betri za AA zinapatikana hata dukani Kibirizi, lakini zile za kawaida za redio zinachoka baada ya muda mfupi na flashi inaanza kuchelewa kujaa. Nunua za kuchaji, seti tatu.

Flashi ndogo ya betri ya lithiamu, mfano Godox V860. Nguvu ni ileile, lakini inajaa haraka zaidi na betri moja inamaliza harusi nzima. Betri yake ikifa, hakuna duka la Kigoma litakalokusaidia Jumamosi hiyo. Ukichagua hii, nunua na betri ya pili siku hiyohiyo.

Kisha kuna kubwa ya kubeba, Godox AD200. Ina wati-sekunde 200, kama flashi ndogo tatu kwa pamoja. Hii ndiyo inayoshindana na jua la ziwani hata ikipitia mwavuli mweupe. Flashi ndogo ikipitia mwavuli saa kumi na moja ufukweni, nuru yake huioni.

LED ya wati 60, kama Godox SL60W, ni kitu kingine. Unaona mwanga kabla hujapiga, video inaipenda, na mteja wa pasipoti hashtuki. Kwa studio ninayo na ninaitumia kila siku. Nje mchana haina msaada.

Uamuzi wangu kwa anayeanza: TT600 mbili na kitriga kimoja. Ya pili ni mwanga wa pembeni siku za kawaida, na ile nyingine ikifa, hiyo ndiyo mkombozi. AD200 ifuate baada ya harusi kumi. Watu wananiona nachelewesha kitu kizuri, lakini nimeshuhudia kijana ana AD200 moja, ikamwangukia kwenye mawe ya ufukweni, akabaki na kamera tupu.

Jambo moja la ukumbini. Vitabuni wanafundisha uelekeze flashi juu ili mwanga urudi laini. Kumbi zetu wapambaji wanazifunika dari kwa vitambaa vya zambarau, bluu, dhahabu. Ukielekeza flashi kule, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa na bibi harusi anakuwa zambarau kwenye mashavu. Fika mapema uangalie dari. Kama ina rangi, weka flashi kwenye stendi pembeni na mwavuli mweupe.

Mashine ya kusafisha picha

Wengine watakuambia picha za karatasi zimekwisha, kila mtu ana simu. Njoo mahafali ya sekondari yoyote hapa mjini uone foleni. Mzazi aliyetoka Uvinza anataka kuondoka na picha mkononi siku ileile. Kwangu hii ndiyo inayolipa pango miezi isiyo na harusi, na ninashangaa vijana wanavyoiweka mwisho.

Nina aina mbili na ya tatu nimeitumia ya rafiki. Canon SELPHY ndogo (CP1500) inaingia kwenye begi la mgongoni. Inatumia joto kuhamisha rangi kutoka kwenye utepe, picha inatoka kavu na imefunikwa tabaka la kinga, maji yakidondoka unafuta. Picha moja ya 10×15 inachukua sekunde 41. Seti ya picha 108 inakuja na utepe na karatasi pamoja, kwa hiyo hesabu ya gharama ni rahisi: gawa bei ya seti kwa 108, ongeza faida yako, basi. Hakuna kubahatisha wino. Karatasi hiyo moja inabeba pasipoti nane za milimita 35×45, na pasipoti ndiyo iliyorudisha fedha ya mashine yangu.

Udhaifu wake ni vumbi. Karatasi inapita mara nne, njano, magenta, samawati, kisha kinga, na kila mara inachomoza nje kwa nyuma. Kwenye uwanja wa shule mwezi wa nane, chembe moja ikinaswa picha inatoka na doa jeupe. Mimi naiweka ndani ya boksi la plastiki nililolikata upande mmoja, juu nimefunika kitambaa chepesi chenye unyevu kidogo, kisigusane na mashine.

DNP DS-RX1HS ni aina hiyohiyo kwa kazi kubwa. Picha ya 10×15 inatoka kwa sekunde 12 na kitu, na roli moja inatoa 700. Weka wazazi 100 kwenye foleni: SELPHY itakuchukua zaidi ya saa moja, hii dakika 20 na kidogo. Lakini ni nzito, inataka umeme uliotulia, na roli zikiisha hupati Kigoma. Nisingeianza nayo. Kama una mikataba na shule tatu au nne, ina maana.

Epson L8050 ya matangi ya wino, rangi sita, ndiyo yenye gharama ndogo kwa kila picha, na inachapa hadi A4 kwa ajili ya fremu. Inachapa pia kadi za plastiki, hivyo vitambulisho vya shule na vikundi vinakuwa kazi yako. Tatizo ni kwamba wino ukikaa bila kutumika unakauka kwenye kichwa. Nilifunga studio wiki tatu kwa msiba, niliporudi mistari ilikuwa imejaa kwenye kila picha, na kusafisha kichwa kulikula wino wa picha nyingi. Sasa kila Jumatatu inachapa ukurasa mmoja wa majaribio, kazi iwepo isiwepo.

Ukikaa studio muda wote, anza na Epson. Ukifuata watu kwenye mahafali, ubarikio na maulidi, anza na SELPHY, na usitoke nyumbani na seti moja.

Kuhifadhi

Picha moja ya RAW (faili ghafi la kamera, kabla ya kuhaririwa) ya megapikseli 24 inakula karibu MB 28. Harusi ya picha 1,500 ni GB 42. Kwa eksteno (diski ya nje) ya kawaida hizo zinahamia kwa dakika saba au nane. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 18 bila kukatika, na bando linaenda. Kwa hiyo mtandaoni natunza zile 400 nilizozihariri tu, za JPEG. RAW zinakaa kwenye eksteno mbili zinazofanana, moja studio na nyingine nyumbani, chini ya paa mbili tofauti. Ya TB 1 inabeba harusi zaidi ya 20.

SSD au diski ya kawaida? Ya kusafiri iwe SSD, haina sehemu inayozunguka, ikidunda kwenye bodaboda haiumii kirahisi. Ya kukaa kabatini iwe ya kawaida, nafasi nyingi kwa fedha kidogo. Kadi za memori usizifute mpaka eksteno zote mbili zimepokea. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama faili, maana ukituma kama picha inabanwa na akiipeleka kuchapwa atakulaumu wewe.

Umeme

Sote katika kazi hii tunakumbuka Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa. Sasa hali ni nafuu, ila unakatika bado. Jenereta ndogo ya petroli ni rahisi kununua na kila mtaa una fundi wake, lakini inanguruma, na volti zake zinapanda na kushuka. Laptop inavumilia kwa sababu ya chaja yake. Mashine ya picha siiamini humo. Betri kubwa yenye inveta, ya wati-saa (Wh) 500, haina kelele, inaingia hata msikitini. LED ya wati 60 na laptop ya wati 60 zikiwaka pamoja, toa na upotevu wa inveta, zinakaa saa tatu na nusu hivi. Ikiisha imeisha, huwezi kuimwagia lita moja ya mafuta. Studio nina betri, nje ya mji nabeba betri na kuuliza kwanza kama ukumbi una jenereta.

Boksi

Vijana walipokuwa wanaondoka, yule wa dagaa aliuliza abebee nini vyote hivyo. Alitegemea nimtajie begi. Begi la kamera ni zuri njiani, lakini unyevu wa ziwa wakati wa masika unaingia kwenye sponji yake na kukaa humo, na lenzi iliyolala miezi miwili ndani inaota fangasi. Rafiki yangu wa Katonga alipoteza 85mm hivyo. Nyumbani tumia boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana kwa mpira, lile la kuwekea vyakula, kubwa. Ndani tia pakiti za silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, kikae kati ya asilimia 40 na 50. Mchele ambao watu wanashauri una vumbi, usiutumie. Jeli ya rangi ikibadilika, ikaushe kwenye sufuria kwa moto mdogo na uirudishe. Kuanzia Novemba hadi Aprili mimi nafanya hivyo kila wiki ya pili, Jumapili, baada ya kuhamisha picha za Jumamosi.